Kitangulizi cha Mheshimiwa Sekiondo

Wanaosema nchi yetu haijawahi kuvumbua kitu ni watu wa husuda, na wengine wao wamelipwa. Jina la nchi silitaji kwa sababu ya adabu tu, msije mkadhani ni woga. Mimi ni Asteria, katibu muhtasi wa Wizara ya Simu na Heshima, mlango wa pili baada ya picha ya Mtukufu Rais. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyasikia kupitia mlango wa Waziri, ambao haufungiki vizuri na wala sijawahi kuwaita mafundi.

Mambo yote yalianzia kwenye matairi. Siku hiyo Mheshimiwa Waziri Sekiondo alikuwa amekaa anangoja simu ya Ikulu. Simu ikalia, akainyanyua kwa mikono miwili inavyotakiwa, na kijana mmoja upande wa pili akasema, "Oya mwanangu, mambo vipi? Yale matairi bado yapo?" Alikuwa amekosea nambari, jambo la kawaida tu. Balaa ni kwamba Mheshimiwa, kwa mshtuko, alimjibu, "Poa."

Aliugua. Alilala nyumbani na kitambaa kibichi usoni, hataki uji wala chai, anajiuliza, "Nimesema poa? Mimi?" Aliporudi kazini alimwita Injinia Kihomano, fundi mkuu wa mitambo, kijana msomi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Injinia," akasema, "simu ina kasoro kubwa. Mtu anaanza kusema kabla hajajua anasema na nani. Ana kwa ana hilo haliwezi kutokea. Ukiniona unaona tumbo, unaona gari, unaona watu wanaonibebea mkoba, unajua hapa pana mtu. Kwenye simu tumbo halionekani. Nenda kalitatue."

Akaenda akalitatua. Wasomi wetu wakipewa kazi ya maana wanaiweza, sema hawapewi.

Alichokileta kikaitwa Kitangulizi. Kila raia alikwenda kwenye dirisha la wizara akarekodi sauti yake ikisema "Shikamoo," kisha ikisema "Marahaba," pamoja na salamu zinazofuatia. Tangu hapo ukimpigia mtu, kabla hamjafungua vinywa, simu zenu zinaamkiana zenyewe kwa sauti zenu. Ya mdogo inatoa shikamoo, ya mkubwa inaitikia na kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, inajibiwa njema, njema, njema, ndipo mnaunganishwa. Ukimpa mwenzako simu katikati ya maongezi, mtambo unaitambua sauti ngeni na kuanza salamu upya, ili wananchi wasiazimane vyeo. Swichi ya kuzimia haikuwekwa. Mheshimiwa mwenyewe aliagiza isiwepo, akasema adabu haina swichi, na maneno hayo yakabandikwa kwenye kuta za ofisi zote za serikali.

Sasa nani mdogo, nani mkubwa? Hilo liliachiwa Tume ya Madaraja ya Heshima, chini ya mwenyekiti wake Balozi Mwakifuna, mzee mmoja mwembamba ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti bila kukipima kwanza. Tume ikaipanga nchi nzima. Juu kabisa Mtukufu Rais. Chini yake mawaziri. Chini yao makatibu wakuu, majenerali, maaskofu na masheikh kwa kupokezana ili wasigombane, kisha wenye magari meusi, kisha wenye magari ya rangi nyingine, ikateremka hivyo mpaka wananchi wa kawaida. Na chini kabisa ya wananchi wa kawaida wakawekwa watu waliopoteza vyeo serikalini, maana hao wamepewa wakashindwa kushika. Mjumbe mmoja aliuliza habari ya umri. Akaambiwa umri ni sifa gani, hata kobe anao.

Baada ya hapo nyongeza zilimiminika. Kulikuwa na Samahani ya Papo kwa Papo: mkubwa akikosea nambari akakupigia wewe, simu yako inamwomba msamaha kwa kuwa siye wewe aliyekuwa anamtafuta. Kulikuwa na Cheka kwa Niaba, inayocheka badala yako mkubwa akitania. Hiyo ilifanya kazi vizuri sana mpaka siku Waziri wa Mifugo alipowapigia wakuu wa mikoa wote kwa pamoja kuwaarifu kwamba ng'ombe wanakufa. Simu zote zilicheka. Maskini ya Mungu, naye akaona kumbe ana kipaji, akairudia habari ile kwa madaha.

Mama yake Mheshimiwa, Bi. Nambuta, alikuwa anakaa Mabondeni, kule mpakani, safari ya siku mbili kama mashimo ya barabarani yana huruma. Alifiwa na mumewe mapema, akamlea Sekiondo kwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza kichwani, na sasa anakaa na binti yake, Tunsume. Siku ya kuzindua Kitangulizi, Mheshimiwa alitaka mama yake awe wa kwanza kuonja matunda ya maendeleo. Akampigia mbele ya waandishi wa habari, sauti imefunguliwa ili wote wasikie.

Simu ikapokelewa. Sauti ya mama ikasema, "Shikamoo, Mheshimiwa."

Na sauti ya Mheshimiwa, nzito vilevile alivyoirekodi, ikajibu, "Marahaba. Hujambo?"

Waandishi wakapiga makofi. Upande wa pili tukamsikia mama mwenyewe, wa kweli, akimuuliza binti yake taratibu, "Nani huyo ametoa shikamoo kwa sauti yangu?" Simu ikakatwa. Baadaye tulisikia kwamba aliitumbukiza kwenye pipa la mahindi akafunika. Mheshimiwa aliwaeleza waandishi kwamba mama amezidiwa na furaha.

Mimi nimezaliwa na kukulia nchi hii, na najua anachokijua kila mtu isipokuwa Tume. Mzazi hamwamkii mwanawe. Akimwamkia, si mzazi anayedhurika, ni mtoto. Mtoto aliyeamkiwa na mama yake ana laana itakayomfuata hata akijificha kwenye gari la vioo vyeusi. Mheshimiwa alilijua hilo vizuri kuliko mimi, ndiyo maana usiku wa uzinduzi hakugusa pilau. Tangu siku ile kila akiingia kazini aliniuliza, "Bi. Asteria, mama hajapiga?" Nami nilimjibu mtandao wa Mabondeni unasumbua.

Basi Jumanne moja asubuhi Tunsume akapiga. Simu yake ilimwamkia kaka yake, jambo ambalo ni haki kabisa kwa mdogo wa kuzaliwa, wakaunganishwa. Mheshimiwa alikuwa na tabia ya kufungua sauti, kwa hiyo nilisikia yote bila hata kusogea mlangoni.

"Kaka, mama tumemlaza hospitali. Ni kidole tumbo. Daktari anasema kinakaribia kupasuka, lazima apasuliwe leo hii."

"Apasuliwe basi. Nani anazuia?"

"Yeye mwenyewe. Anasema haingii chini ya kisu bila kukupa radhi yako, maana hajui kama atatoka."

"Mpe simu."

"Nimempa. Ameniuliza simu itasema nini kwanza."

"Akuambie wewe, uniletee."

"Nimemwambia hivyo. Anasema radhi si kifurushi cha kupakia kwenye basi." Tunsume alianza kulia. "Kaka, anasema akifa bila kusema nawe, amekufa peke yake. Akikuamkia kisha akafa, amekuua na wewe. Amekaa kitandani ameshika tumbo, jasho linamtoka, na hataki kulala."

Nilimtazama Mheshimiwa kupitia upenyo wa mlango. Nimemfanyia kazi tangu alipokuwa na tumbo la kawaida, na sikuwahi kumwona vile. Midomo ilikuwa inamcheza. Akaagiza aitwe Injinia na aitwe Balozi Mwakifuna, haraka.

Balozi alifika wa kwanza, akaanza kwa kunena kwamba Tume yake iko imara, thabiti na madhubuti.

"Mpandishe mama yangu daraja," Mheshimiwa akamkatiza.

"Kwa furaha kabisa. Mpaka wapi, Mheshimiwa?"

"Juu yangu."

Balozi akafikiri. Akainua macho polepole mpaka kwenye picha ukutani, akayashusha haraka. "Juu yako ipo nafasi moja tu, Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini. "Na ina mtu."

Balozi akaomba ruhusa, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, na alipofika kwenye korido nilimwona anakimbia, mzee wa umri ule. Nikajua moja kwa moja anakimbilia wapi.

Injinia alikuwa amekwishaingia, anafuta miwani kwa shati. "Mheshimiwa, kama mama hawezi kupanda," akasema, "shuka wewe."

"Nishuke vipi?"

"Waliopoteza vyeo wako chini ya kila mtu, hata chini ya mama. Ukijiuzulu, simu yako itamwamkia yeye. Naweza kutengeneza kitufe. Unashikilia nyota, unakuwa umejiuzulu. Maongezi yakiisha, mtambo unakurudisha kwenye cheo chako. Tutaiita Jiuzulu kwa Muda."

"Kijana, tangu tupate uhuru hakuna aliyewahi kujiuzulu katika nchi hii. Hatujui hata mtu anafanyaje."

"Anashikilia nyota, Mheshimiwa."

Injinia akashuka chumba cha mitambo. Mheshimiwa akabaki anazunguka meza. Kila akipita mbele ya kiti chake alikigusa mgongo. Mwishowe akanigeukia. "Bi. Asteria, nikishajiuzulu, wewe utaniitaje?"

"Kwa jina, Mheshimiwa."

"Jina gani?"

"Lako."

Akalitafakari hilo kwa uso wa mtu anayekumbuka njia ya kijiji alichohama utotoni. Tunsume akapiga tena. Daktari amekwishavaa glavu, mtu wa nusu kaputi amesimama mlangoni, na mama sasa haongei, anauma tu upindo wa kanga. Injinia naye akapiga kutoka chini kusema tayari. Mheshimiwa akamwambia dada yake amshikishe mama simu yake mwenyewe, ile iliyotoka kwenye pipa la mahindi. Akapiga nambari. Akaweka kidole gumba kwenye nyota, akafumba macho, akashikilia.

Simu ikatoa mlio mdogo. Nilitazama kama kuna kitu kitaanguka, lakini hakuna kilichoanguka, hata kalamu.

Halafu sauti yake iliyorekodiwa ikasema, "Shikamoo." Shikamoo ile aliirekodi kwa ajili ya Mtukufu Rais peke yake, kwa hiyo ilikuwa inatetemeka kidogo. Na sauti ya Bi. Nambuta, aliyoirekodi kwa ajili ya wajukuu zake, ikaitikia, "Marahaba, baba, marahaba." Zikaulizana habari za nyumbani na za mvua, zikawaunganisha.

"Sekiondo," mama akasema mwenyewe, sauti imekwisha nguvu.

"Naam, mama."

"Maziwa uliyonyonya nimekuhalalishia. Mgongo niliokubebea nimekuhalalishia. Popote uendapo uende na radhi yangu, na asiyekutakia mema Mungu amshughulikie. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umekula?"

Mheshimiwa alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima na tai yake. "Bado, mama."

"Kula. Na usikate simu. Nataka niingie mle nikijua upo."

Na kweli hangeweza kukata, maana kwa desturi yetu mdogo hamkatii mkubwa simu, na tangu ile siku ya uzinduzi Injinia aliipanga hivyo mitambo. Tunsume aliifungia simu ya mama kwenye kitanda kwa kitambaa. Tukasikia magurudumu, tukasikia mlango, kisha milio ya vyuma na sauti za watu wanaoombana vitu. Mheshimiwa akakaa na simu sikioni.

Hapo simu ya mezani kwangu ikalia. Ilikuwa Ikulu, Mtukufu mwenyewe. Simu yangu ikamwamkia, ikaambiwa marahaba.

"Yuko wapi Sekiondo? Nampigia, mtambo unaniambia nambari hii haina cheo."

"Amejiuzulu kwa muda, Mtukufu."

"Kajiuzulu kwa ruhusa ya nani? Nimeambiwa anataka kumkalisha mama yake kwenye kiti changu."

"Mtukufu, mama yake yuko kwenye chumba cha upasuaji."

"Wote huanza hivyohivyo," akasema. Na simu yangu, ikidhani huo ni utani, ikacheka sana kwa sauti yangu. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nimeshika meza.

Injinia alikuwa amekwisharudi juu kutoka mitamboni, akasikia. Akamwendea Mheshimiwa, akachuchumaa karibu yake. "Rais anataka kukuondoa," akamnong'oneza. "Mimi naweza kuikata hii simu kutoka mtamboni. Utarudi uwaziri sasa hivi, kabla ya taarifa ya habari ya saa saba. Mama hatajua, amelala."

Mheshimiwa akaziba kinywa cha simu kwa kiganja. "Amesema nisikate," akajibu.

"Lakini cheo, Mheshimiwa."

"Injinia, amesema nisikate."

Saa saba redio ikatangaza kwamba Mtukufu, kwa hekima yake, ameona kiti cha uwaziri kiko wazi na amemteua Balozi Mwakifuna kukikalia. Balozi alikuwa ameshafika, amesimama kwenye korido na vijana wa kubeba. Aliagiza kile kiti cha zamani kiondolewe kwa sababu kimezoea mtu mwingine. Sekiondo akanyanyuka akawapisha, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, simu sikioni. Wakabeba meza juu ya kichwa chake. Wakabeba zulia, wakamwomba ainue miguu kidogo, akainua. Nilimletea chapati yangu na chai. Akala yote, kwa kuwa aliambiwa ale.

Alasiri tukasikia magurudumu tena. Kisha ikaja sauti nyembamba, nzito kwa usingizi. "Sekiondo. Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Leo hamna kazi huko?"

"Leo hamna, mama."

"Haya. Pumzika nawe," akasema, akakata.

Mtambo ukajaribu kumrudisha kwenye cheo chake, kama ulivyopangwa. Ukahangaika, ukatoa mlio, ukasema, "Nafasi unayorejea ina mtu." Sekiondo akainuka, akajikung'uta suruali, akaniuliza basi la Mabondeni linaondokea stendi ipi siku hizi. Hakuwa amepanda basi tangu ujana wake. Nilimwelekeza, nikamfungia na chapati mbili za njiani.

Kesho yake asubuhi Waziri mpya alikuwa bado anapima viti. Simu ya mezani kwangu ikalia. Ikulu. Nikasema moyoni, leo ni zamu yangu ya kufukuzwa. Salamu zikapita, tukaunganishwa.

"Bi. Asteria," Mtukufu akasema, na hajawahi kuniita kwa jina. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mtukufu."

"Yule mama alitoka salama?"

"Alitoka salama. Ameanza kunywa uji."

"Alimwambia nini mwanawe?"

"Alimpa radhi, Mtukufu. Kisha akamuuliza kama amekula."

Simu yangu ikaanza kucheka, ikaona hapana utani, ikaacha. "Mama yangu hajanipigia tangu mitambo hii ianze," Mtukufu akasema. "Nilidhani yuko kwenye mavuno. Halafu nikakumbuka mavuno yameisha siku nyingi."

Kwa hilo hapakuwa na nyongeza ya kunijibia.

"Hicho kitufe," akasema, "kinabonyezwaje?"

"Ni nyota, Mtukufu. Unashikilia."

Nikasikia ule mlio mdogo. Laini ilikuwa wazi tayari, kwa hiyo simu zetu zilianza salamu upya papo hapo, na ile sauti ambayo nchi nzima tunaamka nayo redioni ikaniambia mimi, Asteria, "Shikamoo."

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Simu yangu ikaitikia marahaba, ikamuuliza habari za nyumbani. Mtukufu hakungoja mtambo umjibie.

"Sijui," akasema.